Kilo Mbili za Ngano

Walikuja asubuhi, vijana watatu wa sinema,
mmoja kashika daftari, mmoja kofia kaigeuza nyuma,
wakanambia: Bi Mwanaisha, tunataka unga.
Nikaganda na mwiko mkononi.
Machomanne hii, neno hilo
haliulizwi mlangoni kwa mtu mwenye mtoto kama wangu.
"Wa ngano, bibi. Kilo mbili. Wa kuigizia."

Nikawapimia. Sikuwapunguzia hata shilingi.
Wakakaa ukumbini kwangu wakaufunga vipakiti,
nailoni, utepe wa kahawia,
wakavipanga ndani ya begi kama vitumbua kwenye sinia.
Aliyekuwa teja wao alikula chapati nne na mchuzi,
akaomba ya tano. Meno meupe, mashavu yamejaa.
Walimpaka weusi chini ya macho
kwa masizi ya sufuria yangu mimi.

Miezi minane baadaye, shuka jeupe uwanja wa skuli.
Khelef kaja kwa ruhusa kutoka nyumba ya soba,
siku yake ya mia mbili na kumi na moja.
Anazihesabu yeye. Mie nazihesabu zaidi.
Kakaa kushoto kwangu, jamvi moja.

Tajiri wa unga ana gari refu, mkufu wa dhahabu,
anacheka moshi ukimtoka puani,
wasichana wawili wamemwegemea.
Watoto wa mbele wakapiga miluzi.
Wetu alikuwa fundi wa baiskeli.
Kandambili zisizofanana, kikohozi,
akiniamkia kwa adabu kuliko wanafunzi wa chuoni,
na kete kaificha ndani ya mpira wa tairi.
Huyo nani atampigia mluzi?

Halafu rafiki wa teja akafa. Mara moja tu, kwa fidla.
Mama yake akatoa machozi mawili, wakazika.
Mie sikuzika. Mie nilihesabu:
pasi ilitangulia, ikafuata feni,
ukafuata mtungi wa gesi, na gesi yake ndani,
kisha sufuria ya arusi yangu,
kisha msahafu wa marehemu baba yake.
Huo niliukuta sokoni.
Aliyeununua akaona haya, akanirejeshea kwa nusu.
Miaka sita. Fidla gani itapigwa miaka sita?
Na arosto haina muziki. Ina ndoo,
ina mtu mzima na ndevu zake
analia, mama, nikune mifupa.

Yule kijana akafunga mkono, juu kabisa, karibu na bega,
kama anayepimwa presha.
"Hafungi mtu hivyo, mama," Khelef kaninong'oneza,
akacheka, nami nikacheka naye
kabla sijajua nachekea nini.
Nilimpeleka skuli akasome hesabu.

Kisha taa ikawa ya manjano kama asali,
moshi ukapanda polepole, uso wa kijana ukalegea,
ukapendeza. Wallahi ukapendeza, nisiseme uongo.
Uwanja mzima ukanyamaza.
Hapo ndipo nilipousikia mguu wa Khelef,
unapiga jamvi, tu tu tu, tu tu tu,
macho kayakaza kwenye shuka, anameza mate.

Ngano yangu ile.
Nimeichekecha kwa mkono wangu.

Nikamshika kidole. Si mkono, kidole kimoja,
kama alivyokuwa akinishika mie alipoanza kusimama.
"Twende," akasema.
Yeye. Si mie niliyesema.

Watu huniuliza, sinema ilikwishaje?
Tajiri alikamatwa? Kijana alipona?
Sijui.
Sisi tulikuwa kwa muuza miwa,
Khelef yuko glasi ya tatu, anataka ndimu zaidi,
na mashine inakamua, ina kelele mbaya,
hata fidla hatukuisikia.